Chuma Kilichobebwa na Watu Saba

Juma lililopita nilikuwa Changamwe nikingoja basi, mtoto mgongoni, nikawatazama wanaume wanane waliokuwa wakibeba chuma cha reli mabegani. Wa katikati alikuwa mzee aliyekohoa kila hatua. Wenzake wawili, wa mbele yake na wa nyuma yake, walikuwa wamekunja magunia mazito wakayatia mabegani mwao, ili chuma kiinuke kisimlemee. Mzee aliweka mkono tu, akatembea nao.

Nyapara mpya, aliyeletwa kukagua vikosi, akawasimamisha. Akapitisha bakora yake baina ya chuma na bega la mzee, ikapita bila kugusa kitu.

"Wewe mzee, unabeba au unasindikiza?"

"Hajiwezi, bwana," akajibu wa mbele. "Wallahi akipata nafuu atabeba kama sisi. Ana watoto."

"Nenda zako, mzee. Hawa saba wanatosha."

"Saba hatukiwezi, bwana! Chuma ni kizito."

"Mbona mmekifikisha hapa?"

Mzee akalifungua gunia alilojifunga kiunoni, akampangusa nalo jasho yule aliyemtetea, akaondoka akikohoa.

Hesabu ya nyapara haikuwa na kosa. Alikipima kikosi, akakiona kina nguvu, basi akakipunguza. Linalonisumbua mimi ni hili: siku mmoja wa wale saba atakapougua, nani atathubutu kumwinulia chuma?