Choo cha Mbodze

Jumwa Chengo wa Kinango alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, nami Roselyne nikiosha sufuria pembeni yake. Ukaidi wake ulijulikana tangu jikoni hadi getini. Mwaka 1997 tumbo lilianza kumsokota, akawa anaharisha damu. Wakati huohuo vurugu za Likoni zilifukuza watalii, na hoteli zikatafuta sababu yoyote ya kupunguza watu.

Kila miezi sita mpishi hupimwa choo, kutafuta vijidudu vya kuambukiza, ndipo apewe cheti cha kushika chakula. Jumwa, mjanja wetu, alimwendea dada yake Mbodze, ambaye hata mawe angeyameng'enya, akamwomba choo chake. Mbodze alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa kikopo. Cheti kikatoka. Ikawa hivyo mara tatu. Mimi nilijua nikanyamaza, na najuta mpaka leo.

Kufikia mwisho wa 1998 alikuwa amebaki mifupa. Nilimsindikiza hospitali Msambweni. Alimwamkia daktari, akampa vyeti.

"Marahaba, mama. Hivi vinaonyesha mwezi uliopita ulikuwa mzima. Basi hii ni amiba ya juzi tu. Nitakuandikia vidonge."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumwa alinitazama, kisha akamgeukia daktari.

"Choo hicho si changu. Ni cha dada yangu. Mimi naharisha damu mwaka wa pili huu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Nikiandika hivyo, huenda jikoni usirudi."

"Andika."

Alipelekwa Mombasa, akaingizwa mpira wenye kamera utumboni. Tuliporudi Msambweni, daktari alitueleza taratibu. Ni ugonjwa wa Crohn, ambao yeye alikuwa ameuona mara moja tu. Kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utumbo wenyewe, na kwa nini, hakuna ajuaye kwa hakika. Si uchawi, si pilipili. Huanza uvimbe, vikaja vidonda, na makovu ya vidonda huubana utumbo. Wa Jumwa ulikuwa umeshabanwa, na kipande kilihitaji kukatwa.

"Hauponi kabisa, ila dawa huutuliza," alisema. "Na hauambukizi, mama. Ungeleta choo chako mwenyewe, usingenyimwa cheti, na tungeuwahi."

Jumwa alilia kidogo, akajifuta kwa leso.

"Hilo la kutoambukiza liandike pia, daktari, na muhuri upige. Kesho nalipeleka hotelini mwenyewe."