Mzee Anselmo Alivyopigapiga Godoro

Kila asubuhi, akimnyoa Mzee Anselmo, Benadetha alimpa habari za mipango ya chama cha wafanyakazi. Pale kwenye nyumba ya wazee ya Gaithersburg, Marekani, hakuwa na msikilizaji salama zaidi: kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mzee maneno yote, ya Kireno na ya Kiingereza. Ujanani alichomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli huko Ureno. Binti yake alisimulia jinsi alivyoketi langoni kugoma, wenzake wote wakaketi nyuma yake, hadi mabosi wakasalimu amri. Baadaye wasoshalisti wakampeleka bungeni. Sasa alilishwa uji kwa kijiko.

Benadetha na wahudumu wenzake nao walitaka chama, kwani kila mmoja aliachiwa wazee wengi kuliko alioweza kuwageuza kitandani. Wangekutana Alhamisi nyumbani kwa mwenzao Chepkirui, kimyakimya. Lakini Jumapili, kwenye ibada ya Kiswahili, mchungaji alipouliza nani ana hitaji la maombi, Benadetha akasimama kama alivyozoea tangu Bukoba.

"Wapendwa, mniombee. Alhamisi tunakutana kuunda chama kazini."

"Amina!" likaitikia kanisa zima, na aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Adela wa kwaya, ambaye pia ndiye msimamizi wao wa zamu kazini.

Jumatatu Chepkirui akapiga simu. "Dada, mimi nimetoka kwenye hiyo mipango. Wamenikata shifti, na wale wengine wameogopa."

"Nani kawaambia?"

"Si ni wewe! Ungeomba kimoyomoyo, woi! Kwani Mungu hasikii mpaka ushike maiki?"

Jumanne Adela akamsubiri mlangoni. "Bwana asifiwe, dada Bena. Leo ndiyo zamu yako ya mwisho. Nitaendelea kukuombea."

Benadetha akaenda kumnyoa mzee. Povu lilipokwisha kumkaa mashavuni, akamweleza yote. "Wewe ungefanyaje, baba?"

Mdomo wa mzee ukahangaika, lisitoke neno. Ndipo akapigapiga godoro kando yake. Akapigapiga tena, kwa hasira. Benadetha akaelewa. Akaketi.

Kengele ya chumba cha pili ikalia. Ni bibi Lorraine, alitaka kupelekwa msalani, na kwenye ghorofa nzima hapakuwa na mhudumu mwingine. Ikalia tena. Mzee akamkamata mkono wa sare.

"Niachie, baba," Benadetha akasema, akimbandua vidole kimoja kimoja. "Atajikojolea."