Nilimzawadia Wifi Yangu Friza la Mnadani, Nikijua Linanuka Nini

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili msihangaike kunitafutia sababu, maana wawili watatu niliojaribu kuwaambia nusunusu walinijibu, "Shetani alikupitia tu." Hakuna shetani aliyepita. Ilikuwa mimi, na akili zangu timamu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi ofisini hapa Musoma mjini. Kwetu ni kijijini kule Butiama, nimekua nachunga ng'ombe kama watoto wote wa kule. Mshahara wetu mnaujua. Nikapata wazo: asubuhi nipite soko la samaki la Mwigobero ninunue sato na sangara, niwagandishe nyumbani, halafu niwauzie wafanyakazi wenzangu ambao jioni hawana nguvu ya kwenda sokoni. Kilichokosekana ni friza.

Mwenzangu mmoja akaniingiza kwenye kundi la mnada la kwenye simu. Kule wanauza mali za maduka yaliyofungwa, makabati ya maofisi, jenereta, kila kitu. Wanaweka picha na bei ya kuanzia, ikifika saa kumi jioni mnadishaji anafungua, watu mnaanza kupandiana madau. Ukibaki wa juu anaandika, "Moja! Mbili! Tatu! Imeenda!" na makofi chungu nzima.

Jamani, kile kitu ni ugonjwa! Siku ya kwanza nilichungulia tu. Wiki haijaisha, nilikuwa najifungia chooni ofisini na simu mkononi, moyo unadunda kwa ajili ya makabati ambayo hata siyataki.

Likawekwa friza. Picha sita, jeupe, kubwa, limepigwa kwa mbele, kwa upande, mpaka waya. Chini waliandika kwamba mali ipo Mwanza, siku ya kuja kukagua ni Alhamisi, inauzwa kama ilivyo na ikishatoka hairudi. Niende Mwanza kuangalia friza? Nikaona ni kuchoma nauli. Baba yangu akienda mnadani Mugeta hanunui hata mbuzi bila kumfunua mdomo na kumtembeza mbele yake. Mimi binti yake nikanunua kwa picha!

Kulikuwa na mtu anajiita Baba Tena. Kila nikiweka dau, ananipandia. Nikiweka, anapanda. Hasira zikanishika, mwisho nikawa sinunui friza tena, nataka tu Baba Tena anyamaze. Nilivuka kiwango nilichojipangia, nikavuka na akiba ya ada. "Imeenda!" Nilipiga yowe humo chooni mpaka mhasibu akaja kugonga mlango akidhani nimeanguka.

Nikatangaza kwa kila mtu. Ofisini nilitembea kama nimepandishwa cheo, nawafundisha wenzangu mambo ya minada, mimi mwenye mnada mmoja!

Lilikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva alilishusha, akafuta mikono kwenye suruali, akaondoka mbiombio. Nikafungua mfuniko.

Loh! Harufu ile naijua tangu sijaanza shule. Ni ya josho, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe. Sisi watoto tukitoka joshoni mama hakuturuhusu kugusa hata kikombe mpaka tuoge na sabuni. Humo ndani, ubavuni, kulikuwa na lebo ya dawa iliyogandia, imebanduka nusu, ina kichwa cha ng'ombe na ile alama ya fuvu la hatari. Chini kulikuwa na ufa, na umajimaji wa kahawia ulikuwa umenywewa na sponji ya ndani. Lilikuwa friza la duka la dawa za mifugo, na chupa zilivunjikia humo humo.

Nikampigia mnadishaji nikifoka. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, siku ya kukagua ulikuwa wapi?" Halafu akanitoa kwenye kundi.

Nililiosha siku tatu. Sabuni ya unga, ndimu, magadi, mkaa, mpaka vidole vikachubuka. Likiwa limezimwa harufu inakupiga usoni, likishaganda inajificha. Nikajaribu kuweka samaki wawili. Mume wangu alionja, akatema, akaniuliza nimewapika na nini. Yule mwingine nikamrushia paka wa jirani. Akanusa, akarudi nyuma, akaenda zake. Paka jamani, paka wa mjini wa kukataa sato!

Na ofisini kila siku, "Mama, samaki lini?" Wengine wameshaanza kucheka pembeni.

Mtu mwenye akili angelipeleka dampo, aumie, yaishe. Mimi niliogopa kuonekana mjinga kuliko nilivyoogopa Mungu. Nikachukua kisu cha jikoni nikakwangua ile lebo mpaka ikaisha kabisa. Ule ufa nikaupaka rangi nyeupe. Kisha nikampigia wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, wanaishi Bunda.

Hapa muelewe jambo moja la kwetu. Mimi nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu ndio mdogo wangu aliowatumia kuoa. Kwa hiyo huyu dada alikuja nyumbani kwetu kwa ng'ombe wangu, na heshima anayonipa inakaribia ya mama mkwe. Tangu ameolewa hajawahi kunijibu hapana. Alikuwa anatengeneza barafu za ubuyu na ukwaju za kwenye vifuko, anawauzia wanafunzi, na alikuwa anagandisha kwa kubembeleza nafasi kwenye friji ya jirani.

"Wifi, nimekununulia friza," nikamwambia kwenye simu. Nimekununulia! Nilisikia akilia kwa furaha, na sikujisikia vibaya hata kidogo. Niseme ukweli, nilijisikia mwema.

Nililipeleka mwenyewe. Alinipokea kwa vigelegele na shikamoo ya kupiga goti. Wamama wa jumuiya yake ya kanisani walikuwa wamealikwa, wakaliombea lile friza, wakalinyunyizia maji ya baraka. Ndipo akalifungua. Nikaona pua yake imecheza.

"Wifi," akasema polepole, "mbona kama inanuka?"

"Ni upya huo. Hivi vitu vinanukaga hivyo mwanzoni. We weka barafu zako, itaisha."

"Haya wifi. Asante. Mungu akuzidishie."

Akanichinjia jogoo. Nilimla. Nilikula mpaka firigisi, nikafungiwa na vipande vya kwenda navyo Musoma. Mafuta ya yule jogoo kwenye vidole vyangu nayakumbuka hadi leo.

Wiki ya tatu mdogo wangu akapiga simu. Wanafunzi kadhaa walionunua barafu walikuwa wanatapika. Si mnajua watoto wanavyokula barafu? Anang'ata kona ya kifuko, ananyonya, anakitafuna chote mdomoni. Sasa vifuko vyenyewe vilikuwa vimelala kwenye lile friza usiku na mchana. Wale wengine walipata nafuu siku ile ile. Aliyezidiwa ni binti wa wifi mwenyewe, yuko darasa la pili, maana yeye alikuwa anakula kila siku.

Nilimkuta hospitalini anatokwa na udenda, macho yamelegea, hajui hata kama nimeingia. Daktari akaja akauliza, "Nyumbani mna dawa yoyote ya mifugo? Dawa ya kupe?"

"Hapana daktari," wifi akajibu. "Sisi tuko mjini, hatufugi."

Nilikuwa nimesimama pale, bega kwa bega naye, nimeshika chupa ya uji. Nilikuwa na jibu ambalo daktari alilitaka. Mtoto yule pale kitandani, damu yangu! Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Labda wifi ulikuwa huchemshi maji."

Akainamisha kichwa. "Nilikuwaga nachemsha, wifi."

Basi. Daktari akaondoka bila jibu lake. Mtoto alipona, alikaa siku kadhaa kwenye dripu, lakini alipona kwa daktari na kwa Mungu, mimi simo. Hakuna kunguni anayenichukiza kama ninavyojichukiza mimi nikiikumbuka ile dakika.

Huku nyuma wazazi wa wanafunzi walienda nyumbani kwa wifi wakamwaga barafu zote uwanjani. Shule ikawakataza watoto kununua chochote kwake. Mwenyekiti wa mtaa akamwambia asiuze tena kitu cha kuingia mdomoni. Wale wamama walioliombea friza, sasa ibada ya jumuiya ikiwa kwake, wanaacha chai yake kwenye vikombe mpaka inapoa. Mtaani wanamwita Mama Sumu.

Mtoto alipotoka hospitali nilienda Bunda kulichukua lile friza, nimejiandaa kusema naenda kulitengeneza. Mdogo wangu alikuwa kazini. Wifi akanisaidia kulisogeza mpaka mlangoni, akachomoa waya akaukunja vizuri. Kisha akasimama.

"Wifi, nikuulize kitu? Siku ile unaileta, ulikuwa unajua?"

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye mfuniko.

"Mimi nilijua," akasema. "Kwetu Murangi baba alikuwaga anaogesha ng'ombe palepale nyumbani. Nilinusa siku ileile."

"Sasa kwa nini ukaweka barafu?" nikamuuliza. Kwa ukali! Mnaona mimi ni mtu wa aina gani? Nilimgombeza.

Hakukasirika. Angekasirika ningepumua.

"Ulisema ni upya. Ningekwambia unadanganya, mbele ya wale wamama? Mimi nimekuja hapa kwa ng'ombe zako, wifi. Nikasema haiwezekani wifi yangu aniletee sumu. Nikaona pua yangu ndio mbaya."

Nilipiga magoti pale mlangoni. Nilitaka kumshika miguu akarudi nyuma. Akaniambia ninyanyuke, majirani wanaona, watasema mengine. Hajamwambia mume wake mpaka leo. "Nikimwambia atakuua," alisema, "na akifungwa mimi nitabaki na nani?" Mnaona? Hata hapo ananitunzia siri.

Friza nililipeleka kwa fundi, nikasimama nikiangalia analivunja vipandevipande. Mume wangu nilimwambia limeungua. Ofisini nikasema biashara ya samaki nimeghairi.

Juzi nilienda tena, nikambebea binti biskuti. Nikamwita, akaja, akanisalimia vizuri. Nilipomnyooshea pakiti akaficha mikono nyuma ya mgongo, akamwangalia mama yake. Kwetu mtoto hakatai kitu cha shangazi, na mama hamwachi akatae. Wifi aliendelea kuchambua mchicha. Nilikaa na pakiti yangu mkononi mpaka mkono ukachoka.

Wewe unayeanza minada ya mitandaoni, sikia. Wakitaja siku ya kukagua, panda basi uende. Ingiza kichwa chako, ingiza pua yako. Ukiona unapambana na mtu usiyemjua na kitu chenyewe umekisahau, zima simu, nenda kanawe uso. Na ukishapigwa, umepigwa! Meza hasara yako mwenyewe. Usiipake rangi ukampelekea ndugu, hasa yule ambaye mila imemziba mdomo asikukatalie.

Na usifanye hiki ninachokifanya sasa hivi. Nimewaeleza yote nikiwa nimejificha, hamnijui, kesho nitaenda kazini kama kawaida na watu wataniamkia. Wifi yangu kule Bunda akipita njiani kwenda bombani, wanamwita Mama Sumu mchana kweupe, na anaitika.