Nilimtania bibi yake mchumba wa mpwa wangu kwa kabila lake, na mimi ndiye katekista

Wakuu, heshima kwenu nyote. Naandika hapa kwa sababu hamnijui, maana jambo hili nikilisema kigangoni kwangu nitaaibika. Siongezi chumvi. Atakayetaka kunitukana, haya, anitukane, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni Mmakua wa Lupaso, Masasi. Nalima korosho, na ni katekista. Kwa wasiojua, katekista ndiye anayefundisha watoto dini na kuongoza ibada Jumapili ambayo padri hajafika. Padri wetu ana vigango vingi, yaani makanisa madogo ya vijijini, kwa hiyo mara nyingi anayesimama mbele ni mimi.

Mada ninayoipenda kuliko zote ni kupinga ukabila. Nimeifundisha mpaka watu wanajua nitapandisha sauti wapi. Mungu ni mmoja, sote ni watoto wake, Kristo hakufa kwa ajili ya kabila fulani, na kadhalika. Kina mama wananipigia vigelegele.

Sasa sikieni.

Nina mpwa wangu, Veronika, mtoto wa marehemu dada yangu. Anafundisha chekechea Newala mjini. Kwa mila zetu huku kusini, mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa. Baba yake yupo, mzima wa afya, lakini mjomba nikikataa, shughuli imeishia hapo. Najua watu wa mikoa mingine mtashangaa. Ndivyo tulivyo.

Mwaka huu baada ya Pasaka akanipigia simu. Kuna kijana anataka kuja kujitambulisha, anaitwa Dominiki. Nikauliza ya msingi. Mkatoliki? Ndiyo, tena anapiga kinanda cha kwaya. Kazi? Seremala. Mlevi? Hapana. Nikafurahi mwenyewe.

"Kabila gani?"

"Mmakonde, mjomba. Ila babu na bibi yake walitokea ng'ambo."

Ng'ambo ni ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Hao huku kwetu tunawaita Wamawia. Walivuka wakikimbia vita, wengi wao wamezeekea hapahapa. Tulipokuwa wadogo, ukilia unaambiwa nyamaza, Mmawia anakuja. Basi mimi, katekista mzima, moyo ukafanya paa!

Nikasema waje. Ningesemaje?

Wakaja nyumbani kwangu watu watano, wakiwa na bibi yake Dominiki. Bibi mzee haswa, uso mzima una chale za zamani, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni la Wamakonde. Alikuwa ameshikiliwa mkono na mjukuu wake. Watu wangu wote wakamtazama usoni, kisha wakanitazama mimi.

Wakuu, sijui nilipatwa na nini. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba. Halafu nikaongeza: "Bibi, hizo chale ndiyo ramani ya kurudia kwenu Msumbiji? Maana nisije nikaoza mtoto, kesho mkavuka naye!"

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Nikasema, "Ni utani jamani, sisi Wamakua na Wamakonde ni watani."

Dominiki akaangalia chini. Veronika alikuwa analeta soda, akaliweka sinia mezani na kurudi ndani.

Bibi alicheka sana, pengine kuliko wote. Alipomaliza akafuta macho, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Haya mtani wangu. Nikifa, utakuja kunichimbia kaburi?"

Kwa msiojua utani wa makabila: mtani ana ruhusa ya kukutania atakavyo, lakini ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kushika jembe, kuteka maji, kupika. Ukichukua utani lazima uchukue na kazi. Na mimi tangu nizaliwe sijawahi kukanyaga msiba wa Mmawia. Hata wa jirani, pale Chiungutwa nilipokuwa naishi zamani. Nilikuwa natoa udhuru.

Nikamkwepa bibi, nikasema familia itakaa, jibu watalipata. Wakaondoka.

Mama yangu ndiye aliyenimaliza, akaniuliza: "Baba Anjela, watoto wa Veronika watakuwa wa ukoo wa nani?"

"Wetu." Huku mtoto hufuata ukoo wa mama.

"Sasa hasara yetu iko wapi?"

Nilifikiri wiki nzima, nikakosa hata moja. Mila hainikatazi. Dini hainikatazi. Kijana hana doa. Basi nilichokuwa nakilinda ni nini? Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Nikapanda Newala, nyumbani kwa kina Dominiki, kuomba radhi. Bibi akanipokea vizuri mno, akaniandalia ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya huku kusini, na chai. Nikamwambia, bibi nisamehe, na nitakuja kuchimba. Akasema, "Sijafa bado, kula." Nikawaambia Veronika na Dominiki mbele yake kwamba mjomba nimekubali.

Mngedhani nilitoka pale mwepesi. Wapi! Nilivyokuwa nakula, mkono wangu ulisita kwenye ile sahani. Kitambo kidogo tu, hakuna aliyeona. Lakini mimi niliona. Kabla ya safari nilishatubu, nikaungama, padri akaniondolea, na ule mkono bado ulisita. Sasa dhambi imeondoka au haijaondoka?

Halafu, kwa kuwa ndoa itafungwa huku kwetu, mnajua padri kampangia nani kuwafundisha Veronika na Dominiki mafundisho ya ndoa? Mimi.

Kipindi cha kwanza kilikuwa Jumamosi iliyopita. Nikafungua na mada yangu ileile, Mungu mmoja, watoto wake sote. Sauti haikupanda. Dominiki alikuwa ananisikiliza kwa adabu zote. Tulipomaliza, Veronika akabaki kukusanya viti. Nikamuuliza, mwanangu, mbona umepoa, si nimeshakubali?

Akasema, "Asante mjomba, nimeipokea ndiyo yako. Ila siku ile ulisema kilichomo moyoni mwako, na mimi nimeshakisikia."

Akaweka kiti cha mwisho, akaniaga kwa heshima, akaenda.

Nilichojifunza, kama nimejifunza, ni kwamba nilihubiri dhidi ya ukabila miaka yote nikiwafikiria wengine. Sikuwahi kuukuta wa kwangu, kwa sababu nilikuwa nauita utani, na watu walikuwa wanacheka.

Jumamosi hii wanakuja tena, saa nne asubuhi. Karibuni kwenye komenti, hasa mliooa au kuolewa kabila lililodharauliwa kwenu. Yule mtoto nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Nimwambie nini aniamini?