Panzi Weusi wa Dranya

Nilipigiwa simu nikiwa kwenye cherehani yangu mjini, Mvara: shangazi alianguka wiki iliyopita, mguu umevimba, hawezi kuchota maji. Kesho yake nilikuwa kijijini kwake, Dranya. Nyasi zote kati ya shamba lake na boma la jirani zilikuwa zimeungua, na harufu ya majivu ilikuwa imeingia hadi ndani ya nyumba.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu juu ya mto. Hata kabla sijaweka begi chini alianza.

"Ni yeye amechoma," alisema, akielekeza kidevu upande wa jirani. "Mimi niko najua."

Jirani huyo ni mzee aliyekimbia vita Sudan Kusini. Alipewa kipande cha kulima, lakini kazi anayoipenda ni nyuki. Mizinga yake ya magogo aliitundika kwenye miti iliyotawanyika katikati ya zile nyasi.

"Na mguu je?" niliuliza.

"Nilikuwa nafukuza kuku."

Alinieleza jinsi moto ulivyokuja. Kwanza aliona mwewe wakizunguka juu ya moshi, wakidaka panzi hewani. Kisha panzi wenyewe wakamiminika kwake, wengine mabawa yameungua, wakajaa kwenye sukumawiki. Niliikagua bustani. Majani yalikuwa yamebaki mishipa mitupu.

"Unaona?" alisema. "Alijua moto itawasukuma hapa kwangu. Anataka nishindwe, niondoke, achukue hii shamba."

Sikuamini moja kwa moja, lakini maneno hayo yaliniingia. Jioni nilimwona yule mzee akitembea polepole kwenye majivu, akiinama, akiokota kitu na kukitia mfukoni. Aliponiona alisimama, akanitazama, kisha akageuka na kwenda zake bila salamu. Mtu asiye na neno, nilijiambia, angesalimia.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe kuangalia. Kila hatua nilikanyaga kitu. Makombe ya konokono yalikuwa yamegeuka meupe na mepesi, ukiyagusa yanavunjika. Jongoo walikuwa wamejikunja kama vifungo vya koti, wakafa hivyo hivyo. Lakini siafu walikuwa hai, wakitoka kwenye mashimo na kuwabeba waliokufa kana kwamba ni siku ya soko la Inde. Kilichonishtua zaidi ni panzi. Walikuwa weusi tii, weusi kama majivu yenyewe, na sikuwaona mpaka waliporuka.

Nilimbebea shangazi mmoja kwenye kiganja. Alimtazama, hakutaka kumgusa.

"Huyu si wa hapa," alisema. "Huyu mutu ameleta dawa."

Siku iliyofuata nilimwona mzee tena chini ya miti yake. Safari hii nilimfuata. Alinisikia, akasema bila kugeuka:

"Kuja uone, binti. Si umetumwa kuangalia?"

Mzinga mmoja ulikuwa chini, umepasuka. Ndani masega yalikuwa yameyeyuka yakashikana na nyuki waliokufa, na asali yote ilikuwa imeungua pamoja nao. Hakuna kilichokuwa kimevunwa. Mfukoni alikuwa na madonge ya nta aliyookota, basi. Nilimwuliza kuhusu panzi weusi.

"Hao wako kila mwaka nyasi ikiungua," alisema. "Panzi akikaa kwa majivu, anageuka kidogo kidogo anafanana na majivu. Ndege asimwone. Hata kwetu iko hivyo."

"Sasa nani amechoma?"

Alinitazama, akafunga mfuko wake. "Wewe tembea tu. Macho unayo."

Nilitembea. Nilirudi kwa njia ya kichuguu kikubwa cha shangazi, kile anachovunia kumbikumbi mvua zikianza. Huko kwingine moto ulikuwa umepita haraka ukaacha visiki vyeusi vya nyasi. Kuzunguka kichuguu kulikuwa na majivu meupe, mazito, ya nyasi zilizofyekwa zikakusanywa. Nilimega kipande cha udongo. Ndani mchwa walikuwa wazima, weupe, wakikimbia huku na huko, na udongo ulikuwa na unyevu. Nyuma ya kichuguu nikaona kidumu cha njano kimeyeyuka upande mmoja. Kilikuwa na kifuniko cha bluu kilichofungwa kwa kamba. Kamba hiyo niliikata mimi, Mvara, kutoka kwenye mabaki ya kitambaa, nikampa shangazi.

Nilikiweka kidumu mbele ya mkeka. Shangazi alikitazama, kisha akautazama mguu wake.

"Nilikuwa nasafisha kichuguu," alisema. "Upepo iligeuka. Nilikimbia na maji, nikaanguka."

"Mbona ukasema ni yeye?"

"Nilifikiri atanisema kwanza."

Jioni tulikwenda kwa mzee, shangazi akiegemea fimbo upande mmoja na mimi upande mwingine. Mzee alitupatia viti. Shangazi alieleza yote, kichwa chini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nilijua siku ile ile. Niliona moshi inaanza kwa kichuguu yako."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani ataamini mkimbizi?"

 Shangazi alimwambia atundike mzinga mpya kwenye mfenesi ulio nyuma ya jiko lake, mahali ambapo moto haufiki. Mzee alishukuru, ila alisema atafikiri kwanza.

Niliporudi tena kutoka Mvara, mvua zikiwa zimekolea, mzinga ulikuwa mtini na nyuki wameingia. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, na panzi wa kijani walikuwa tele. Sasa wawili hao wanasalimiana kila asubuhi. Lakini shangazi akiwasha jiko, hata la kupika chai, mzee huacha jembe, akasimama, akaangalia upande wetu mpaka ahakikishe moto umebaki jikoni.