Mkono wa Mzee Mchopa Kwenye Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa duka la vyombo vya muziki Kariakoo alinikabidhi kitambaa badala ya kinanda. Nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya usiku ya muziki, cheti bado cha moto mfukoni, nikidhani nimeajiriwa kupiga. "Futa vumbi kwanza," akasema. "Kidole kitajua njia baadaye." Na vumbi la Kariakoo enzi zile, nawaambieni, ungepanda mahindi juu ya kinanda na ungevuna.

Pale ndipo nilipojua kutofautisha mali. Kinanda cha kawaida huja na sauti zake tayari, filimbi, gitaa, ngoma, wewe kazi yako ni kuchagua. Sinthesaiza hukupa sauti mbichi uichonge mwenyewe, na anayeanza anaweza kupotelea humo mpaka wajukuu wake waote mvi. Aliyetaka cha kurekodia nyumbani nilimshauri achukue chenye vitufe vinavyosikia nguvu ya kidole: ukigusa taratibu, kinalia taratibu. Meneja hakufurahi. Yeye alitaka niuze chenye taa nyingi.

Nikahamia mtaa wa Gerezani kwa Fundi Mkuu, mtengenezaji wa vinanda vibovu, mtu aliyezungumza na lehemu zaidi kuliko na mkewe, kisha Mchikichini, kwenye studio ya Prodyuza Mkuu. Cheo hicho alijipa mwenyewe, maana tulikuwa wawili tu. Studio ilikuwa stoo ya mitumba. Tulipanga belo za masweta ukutani mpaka darini, na masweta yale yalimeza mwangwi kuliko studio yoyote duniani. Joto lake ungeivishia maharage.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Mchopa, mtu wa Lindi, mpiga kinanda wa bendi kwa miaka mingi. Kila mtoto wake alipooa au kuolewa, alimpigia wimbo ule ule mmoja alioutunga mwenyewe. Alikuwa amebaki kitinda mimba, Zuhura, harusi inakaribia, na vidole vya mzee vilikuwa vinakufa ganzi. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba havitarudi kuwa kama zamani. Akataka wimbo urekodiwe kabla havijamkatalia kabisa.

Aliupiga wote, jasho likimtiririka. Tulirekodi kwa midi, yaani kompyuta haikuchukua sauti bali mwendo wa vidole: kitufe kipi, lini, kwa nguvu gani. Prodyuza Mkuu akafanya alichomfanyia kila mteja, akanyoosha mapigo. Ni amri moja tu, na kila noti iliyowahi au kuchelewa inavutwa kwenye mstari. Halafu akahifadhi juu ya ile ya kwanza, kama kawaida yake, ili kompyuta isijae.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani huyu anayepiga?"

"Ni wewe, mzee wangu. Nimekunyoosha kidogo tu."

"Mkono wangu naujua. Huyu ana haraka ya kwenda wapi? Nirudishie wangu."

Prodyuza Mkuu, mtu wa maneno mengi kama mnada, akaanza kukunja nyaya. Ilibidi mimi nimweleze mzee kwamba wake haupo tena. Akajaribu upya, mara ya kwanza, ya pili. Vidole vikawa vinagongana. Nikaona harusi ya Zuhura inapita bila wimbo. Ndipo mzee akauliza, kwa sauti ya chini, "Hii kompyuta yenu inaweza kunisubiri?"

Inaweza. Kwa kuwa inashika vidole na si sauti, unapiga polepole, kisha unauongezea wimbo mwendo bila sauti kuwa ya panya. Tukapunguza mwendo nusu. Siku hiyo tukachukua mkono wa kushoto peke yake, akaenda kupumzika, akarudi kwa ajili ya wa kulia. Prodyuza Mkuu alikaa amebana mikono kwapani muda wote, asije akagusa ile amri.

Sasa nimestaafu. Vijana wanakuja na kompyuta zao za mgongoni, shikamoo babu, marahaba, tununue kinanda gani? Nawaambia kinanda chochote kinachosikia kidole kinatosha kuanzia. Kunyoosha wanyooshe wakipenda, ila ile ya kwanza waiweke kando, hata kama imepinda kama barabara ya milimani. Huwa wanacheka. Basi nawasimulia siku Zuhura alipokuja kumchukua baba yake, tukamwekea wimbo katikati ya masweta. Alisimama, mkoba begani, mpaka sehemu moja akatabasamu.

"Hapo dole gumba limechelewa," akasema. "Huwa linachelewa hapo hapo tangu niko mdogo."

Mzee Mchopa akamgeukia Prodyuza Mkuu. "Ee," akamwambia. "Huyo ndiye mimi."