Jina Yangu

Tulipohamia Bukavu kutoka Luhwindja, nilikuwa na umri wa kuingia darasa la tano na ulimi wa kuchekwa. Papa alikuwa amechoka na dhahabu, ile dhahabu ya kwetu ambayo kila jirani aliiota na hakuna niliyemwona akiishika, akapata kazi ya kupasua mbao mjini. Tukapanga vyumba viwili Kadutu, juu kabisa, mahali ambapo mvua ikinyesha udongo unakushika mguu kama mdai.

Shuleni niliamkia watu kama nilivyofundishwa nyumbani, kwa sauti ya polepole na kichwa chini, nao wakacheka. Nikisema neno la Kiswahili, wanalirudia kwa kulivuta kama nilivyolivuta mimi. Watoto wa mjini hawakuwa wabaya, nawatetea mpaka leo, ila walikuwa wamefika mjini mwaka mmoja au miwili kabla yangu, na hakuna anayemcheka mgeni kuliko mgeni wa jana.

Kilichoniokoa ni ubatizo. Mwalimu alipoita majina siku ile ya kwanza, alitaja langu la kikristo, na wasichana wawili tukaitika pamoja. Yule mwingine alikuwa amekaa mbele, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, mtoto ambaye wengine walimfuata hata alipokuwa haendi popote. Aligeuka akaniangalia. Mapumziko yalipofika alikuja akanishika mkono mbele ya wote.

"Weye ndo jina yangu," akasema. "Kuanzia leo batu bakikucheka, banicheke na miye."

Msomaji wa mbali huenda asijue uzito wa maneno hayo. Kwetu, mtu mnayeitwa jina moja si rafiki tu. Humwiti kwa lile jina lenu, unamwita "Jina", naye anakuita hivyohivyo. Hamgombani. Mama yake anakuita mtoto wake, na ukifika kwao wakati wa chakula huulizwi kama umekula. Kumcheka ni kujicheka, na kumnyima ni kujinyima. Basi kuanzia siku ile nilikuwa na mtu.

Kila asubuhi tulikutana kwenye chemchemi chini ya kilima chetu. Sote wa huko juu tulishuka miguu mitupu, viatu mkononi, tukaosha matope pale kwenye maji, ndipo tukavaa viatu tuingie mjini kama watu. Aliyefika kwanza alimngoja mwenzake. Nilikuwa mzito wa kufunga kamba za viatu, kwa kuwa Luhwindja sikuwa na viatu vya kamba, naye alipiga magoti akanifungia huku akinisema kwamba tutachelewa na tutapigwa. Alikuwa na maneno mengi yule. Nilimpenda kupita kiasi, na sikumwambia hata mara moja, kwa kuwa mambo hayo hayakusemwa.

Halafu ukaja mwaka ule serikali iliposema majina ya wazungu yaishe. Mwalimu wetu alivua tai, akatuambia kwamba yeye si Monsieur tena, ni Citoyen, yaani mwananchi. Kwa majuma kadhaa tulimwita Monsieur Citoyen, na yeye mwenyewe alikuwa anaitika. Hilo lilituchekesha. Kisha ijumaa moja akatuambia twende nyumbani, kila mmoja aulizie jina la mababu zake, na jumatatu alilete. Yale ya ubatizo yangefutwa.

Wenzangu walitoka wakipiga kelele za furaha kana kwamba wamegawiwa nguo mpya. Mimi nilipanda kilima polepole. Nilikuwa na swali moja tu: hilo jina likifutwa, mimi na yeye ni nani? Kilichotufunga ni jina. Bila hilo, yeye ni msichana wa mbele na mimi ni wa nyuma kutoka Luhwindja.

Nilipata shauri nililoliona la akili sana. Jioni nilimwendea papa.

"Papa, miye nataka jina moja na ile batamupa mwenzangu. Tungojee kwao baseme, halafu na sisi tuandike ileile."

Papa aliweka chini msumeno aliokuwa anaunoa. Hakukasirika, alinitazama tu kama anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Mutoto, ile itakuwa jina ya bakubwa babo. Mutu habebake wafu ba benyewe. Wakikuita mu usingizi, utaitika ginsi gani?"

Akanipa jina la mama yake, yule bibi yangu aliyebaki Luhwindja na maharagwe yake. Ni jina zuri, nalibeba mpaka leo. Lakini jioni ile nilililia, na maman alifikiri nina homa akaniwekea maji ya moto.

Jumatatu nilifika kwenye chemchemi mapema. Niliosha miguu, nikavaa viatu, nikazifunga kamba mwenyewe, vibaya. Wengine walipita. Yeye hakuja. Nilingoja hadi ilipobaki kukimbia, nikakimbia, na nilipoingia darasani nikamwona amekwisha kukaa mahali pake, mgongo kwangu. Alikuwa amepita njia nyingine. Nikajiambia, basi, imekwisha.

Mwalimu akaanza kuandika majina mapya katika kaye, lile daftari lake, kila mmoja anasimama na kulitaja lake. Langu lilipita bila kelele. Zamu yake ilipofika alisimama, akalitaja kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Mwalimu alikuwa Mulega kutoka upande wa Shabunda, hakujua Mashi, lugha ya kwetu, akamwambia arudie kwa nguvu. Akarudia. Darasa zima likalipuka.

Baba yake alikuwa amempa jina la nyanya yake mzaa baba, kwa heshima kubwa, bila kufikiri masikio ya watoto. Na jina lenyewe, kwa Mashi, maana yake ni jalala, pale mtu anapotupa maganda na majivu. Mwalimu alipiga meza na rula, hajui wanachochekea. Mimi nilitazama shingo ya rafiki yangu. Ilikuwa imeingia mabegani, kama anayenyeshewa.

Ndipo nilipoelewa kwamba hakunikimbia mimi pale chemchemini. Alilikimbia lile jina, na kila mtu ambaye angemwuliza.

Mapumziko yalipofika alienda kusimama nyuma ya ukuta wa jiko la masista wenye shule, peke yake, yeye ambaye hakuwahi kusimama peke yake. Uani walikuwa wamekwisha kutunga wimbo. Aliyeuongoza ni msichana yuleyule aliyekuwa wa kwanza kuiga sauti yangu nilipofika. Nilijua nikifungua kinywa wataniiga tena, na safari hii hakuna wa kuwaambia waache. Nikaenda mbele ya yule kiongozi wa wimbo hata hivyo.

"Munyamaze," nikasema. "Kwetu, maman akizaa, batoto banakufa, anazaa tena, banakufa, ule mwenye kubakia banamupa jina ya mbaya. Ni juu kifo kikipita kiseme, aah, hii ni takataka tu, kisimubebe. Ule nyanya yake alipona na ile jina. Angekufa, papa yake hangezaliwa, na yeye hangekuwa."

"Na weye inakuhusu nini?" akaniuliza.

"Mi ni jina yake."

"Jina gani? Ile yenu imefutwa."

"Imefutwa mu kaye ya Citoyen," nikasema. "Mukimucheka, munanicheka na miye."

Ningependa kuandika kwamba walinyamaza. Walicheka mara mbili zaidi. Walikuwa sasa na jalala moja na mshamba mmoja, na kule kuvuta kwangu maneno walikuingiza katika wimbo, tena kuliingia vizuri. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia, masikio yanawaka moto. Nyuma ya ukuta wa jikoni sikuthubutu kuangalia. Sikujua kama amesikia, na kama amesikia sikujua kama amependa, maana wako watu ambao ukiwatetea unawaongezea aibu.

Saa ya kurudi alitoka mbele yangu. Nilimfuata kwa mbali, nikipita alipopita. Sokoni alikunja kona bila kugeuka. Mvua ilianza tulipofika kwenye mteremko, akasimama chini ya bati la duka kuvua viatu, nami nikafika kuvua vyangu kando yake. Aliziangalia kamba zangu, zile nilizozifunga mwenyewe na sasa zimekataa kufunguka, akainama akazifungua. Tukapanda.

Pale njia ya kwao inapoachana na ya kwetu nilisimama ili niage. Yeye alikuwa ameshika mkono wangu na hakuuachia. Alinivuta hadi uani kwao, tumelowa, matope hadi magotini, akapaza sauti yake ile ya zamani kuelekea jikoni:

"Mama, ongeza bunga ya bugali, niko na jina yangu hapa."

Mama yake alitoa kichwa katikati ya moshi, akatutazama, mimi na yeye. Hakuuliza jina lipi. Alisema tunawe miguu kwanza.